Masharubu ya Mama

Baba Zawena aliitwa shuleni, akaja na unga wa maandazi bado mikononi. Mwalimu wa Kifaransa akamfungulia kitabu. "Ona kazi ya binti yako."

Mama wa kwenye picha, anayepika, alikuwa amechorewa masharubu kwa penseli. Baba anayesoma gazeti kochini alivishwa kilemba na hereni. Zawena aliinamisha kichwa.

Baba yake alizitazama picha huku akijipapasa masharubu. "Mwalimu, huyu jikoni ni mimi, ila kitambi ameona haya kukichora. Na huyu wa kochini ni mama yake, akisharudi kutoka kazini gereji."

Mwalimu akabana kicheko. "Kitabu ni cha shule, Baba Zawena. Afute," akasema, akimsogezea ufutio.

Baba aliupokea kwa mikono miwili, akautia mfukoni, kisha akainama na kumnong'oneza bintiye amwazime penseli.