Mzio wa Kwanza

Nesi alikuwa ameshashika bomba la sindano nilipoisoma kadi ya kitandani kwa mama. "Mzio: karanga." Basi.

Mama ana mizio miwili. Karanga humwasha midomo tu. Penisilini ilianza kwa kumkohoza, ikabaki kidogo imuue.

"Dada, hiyo ni penisilini?"

"Ndiyo. Mama, lete mkono."

"Ngoja! Hiyo inamdhuru!"

"Mbona kadi haisemi, kaka?"

Ingesemaje? Kadi zote hizo nimezitoa mimi. Wiki iliyopita nilihamisha faili la XML lenye kumbukumbu za wagonjwa wote, nikaiandikia kompyuta njia ya XPath ya kufuata: ingia kwa mgonjwa, shuka hadi kwenye mizio, chukua. Wakati wa majaribio niliongeza mwishoni [1], yaani chukua wa kwanza tu, ili nipate jibu fupi la kusoma haraka. Nikajiambia nitaifuta, nikasahau.

Kompyuta haikukosea. Kwa kila mgonjwa ilichukua mzio wa kwanza, mingine ikaiacha.

Nesi aliiweka sindano chini. Nikakaa kitandani.

"Huyu mwanangu ndiye fundi wa kompyuta zenu," mama alimwambia, aking'aa kwa fahari.

"Basi mshukuru Mungu, mama. Wodi nzima leo dawa ni hiyohiyo, na wewe ndiye uliyebaki wa mwisho."

Nikatazama trei yake. Mabomba matupu yalikuwa kumi na moja.

Nyuma ya pazia, mtu akaanza kukohoa.