Nyuzi Thelathini na Sita

Kila asubuhi, kabla ya uji, Benedicta aliketi kwenye kigoda nje ya bani la kukaushia tumbaku, akasoma mshale wa kipimo chake na kuandika: nyuzi ishirini. Jumanne ile kalamu iligoma hewani. Mshale ulikuwa kwenye thelathini na sita, na ndani ya bani hamkuwa na moto wala jani.

Chuoni alikuwa na vipimo vingi vya kuchagua. Alichagua chenye punje nyeusi ya kunusa joto, ndogo kuliko harage, kwa kuwa haikosei hata nusu nyuzi. Moto ukizidi siku moja tu, jasho la kijiji kizima cha Ujamaa hugeuka majivu. Punje ilikaa juu kabisa, chini ya paa, waya wake ukiteremka hadi nje.

Alibadili betri. Alikata waya, akauunga upya. Jumatano, thelathini na sita. Alhamisi, vilevile.

"Binti wa chuo!" mwenyekiti Felisiani alicheka. "Mashine yako ina homa? Kesho tunapakia majani na kuwasha moto. Isipopona leo, mtapanda lori nyote wawili, mrudi mlikotoka."

Benedicta aliinama, machozi yakimlenga. Majibu yake siku zote yalifika mtu akishaondoka.

"Usilie, mwanangu," alisema Mama Alfonce, mjane aliyelinda bani, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa vitani Uganda tangu Januari. "Waombe wasubiri. Moto una haraka gani?"

Benedicta alishika ngazi.

"Na gauni hilo?" Mama Alfonce alimzuia. "Acha, napanda mimi. Tena nampelekea paka uji."

Lilikuwa bakuli kubwa, na viazi viwili juu yake. Paka mwenyewe Benedicta hakuwahi kumsikia.

Mama Alfonce alimteremshia punje. Benedicta aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Tisini na tano, kama ipasavyo kwenye vilima vya Biharamulo, ambako maji huchemka kabla ya kufika mia. Ikarudishwa juu. Nusu saa baadaye, thelathini na sita. Alitamani kuipiga teke mashine, kigoda na chuo chenyewe.

Akaomba iteremshwe tena. Maji yalikuwa yamepoa, na hakuwa na kitu kingine cha kuijaribia. Akaibana kwapani.

Mshale ulipanda taratibu, ukatulia.

Thelathini na sita.

Benedicta aliutazama mshale. Akalitazama bakuli mikononi mwa Mama Alfonce, aliyekuwa ameshashuka; limekombwa hadi chini, viazi navyo havipo. Kisha akatazama juu, kwenye giza la paa.

"Mama," alisema, na safari hii maneno yalifika kwa wakati, "mwambie Alfonce ashuke leo. Ameilalia punje yangu, na kesho kuna moto."