Herufi ya Kwanza ya Nchi Yangu

Siku hizi, kwa sheria, kila raia huzungumza lugha ambayo mashine ya kupima asili imeikuta katika damu yake, basi. Mimi Emrys, niliyefundisha Kiwelisi miaka arobaini hapa Bala, mji wa Welisi, damu yangu ilitangazwa kuwa ya Wasaksoni, mababu wa Waingereza, wale waliowasukuma wazee wetu milimani. Mjukuu wangu Lowri alipewa Kiwelisi kwa damu ya mama yake. Sheria hainiruhusu kukisema wala kukisahihisha. Kinasa sauti kiko juu ya meza yetu ya chakula, na nikivunja sheria, mtoto atahamishwa.

Jana alisimama kunisomea insha yake.

“Yn Cymru,” akaanza, yaani katika Welisi.

Baada ya *yn*, herufi ya kwanza ya *Cymru* hubadilika; alipaswa kusema *yng Nghymru*. Hakuna mwanafunzi aliyetoka darasani kwangu bila kulijua hilo.

“Taid,” akaniita, yaani babu, “mbona umekunja uso? Nimekosea?”

Nilikitazama kinasa sauti.

“Umepatia,” nikamjibu kwa Kiingereza.

“Mwalimu wetu shuleni alisema utanuna tu,” akacheka. “Eti nyinyi wageni hamkipendi Kiwelisi.”

Akalirudia kosa lake kwa sauti kubwa zaidi, nami nikampigia makofi.