Chatu na Magego ya Mbuzi

Chatu alikuwa na meno ya kushikia tu, yote yamepinda kuelekea kooni. Tangu azaliwe hakuwahi kutafuna kitu. Basi kila adhuhuri alijilaza karibu na Mbuzi, rafiki yake, akimtazama anavyocheua.

“Ndugu yangu, shibe naijua,” alisema Chatu. “Utamu ndio siujui. Hebu nisimulie.”

“Majani nayameza machungu,” Mbuzi akajibu, taya zikizunguka. “Utamu huja nikiyacheua, magego yakiyasaga upya.”

Chatu alisikiliza akimeza mate. Siku moja hamu ikamzidi, akammeza Mbuzi na magego yake yote, akangoja utamu. Ikaja shibe tu.

Kwa majuto akajaribu kumcheua. Rafiki akarudi mfu, kuanzia pembe hadi kwato; simulizi haikurudi.