Vidole vya Mbangua Korosho

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, na ilimkataa Binti Mkwanda mbele ya watu.

"Jaribu kidole kingine, mama," alisema Hamdani, muuza dawa.

Alijaribu vyote. Kadi ya mshahara aliyopewa na kiwanda cha korosho ilikuwa nzima, hela zilikuwamo, na dawa ya pumu ilikuwa mezani, imeshatiwa kwenye mfuko. Mumewe alikuwa kwenye benchi, kifua kikilia filimbi. Kilichokosekana ni alama za vidole. Zililiwa na mafuta ya maganda ya korosho, miaka nenda miaka rudi, kwenye kiwanda hicho hicho. Glavu wabanguaji walivishwa siku ya wageni. Wageni walipoondoka, zikakusanywa.

"Hamdani, si unanijua mimi?"

"Nakujua, mama. Umenilea. Ila mashine haikutambui."

"Kumbe mkubwa wako ndiye huyo?"

Foleni ikacheka. Hamdani akachukua kitambaa, akaipangusa mashine polepole, kama mtu anayemfuta mwanawe makamasi.

Binti Mkwanda akaegemea kioo cha kaunta kwa mikono yote miwili, akamtazama mpaka Hamdani akainamisha uso. Kisha akaiacha kadi pale pale, akachukua mfuko wa dawa, akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Kwenye kioo yalibaki madoa kumi ya jasho, laini, hayana mstari hata mmoja. Hamdani aliyatazama, kitambaa mkononi, wala hakuyafuta.