Bei ya Kusukwa

Zamda alisema leo atalipia kusukwa kwa faida yake ya sarafu za mtandaoni. Mwanaidi, msusi wake, ndiye aliyemwingiza kwenye programu ile, kama alivyowaingiza wateja wake wote.

"Nimeshabonyeza 'Toa', shoga. Elfu kumi tu."

Simu mapajani mwa Zamda ikaandika: Subiri.

Mwanaidi akaendelea kusuka. Kwenye simu yake mwenyewe neno hilohilo lilikuwa na siku ya tisa, na hakuwa amemwambia mtu.

"Mbona haziji?"

"Zitakuja. Tulia, usitikise kichwa."

Msuko wa mwisho ukafika kisogoni, akaufunga. Zamda akainama kuchukua mkoba.

"Kaa kwanza," Mwanaidi alisema. "Huu umelegea."

Akaufumua. Kisha akafumua na wa pembeni yake, ingawa haukuwa umelegea.