Mirunda ya Rehani

Benki ilitaka hati ya kiwanja, na Sikudhani, mkandarasi mdogo, hakuwa nayo. Akakopa saruji kwa Makwaya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaweka rehani mirunda yake, yale magogo ya kuegemeza zege. Siku ya kulipa ilipopita, Makwaya akaja kuichukua, ilhali ndiyo iliyobeba zege lililomwagwa asubuhi ile juu ya vichwa vyao.

"Zege bado bichi, kaka. Tutafukiwa," Sikudhani alimsihi.

"Ahadi ni deni, dada."

Makwaya akapiga teke kabari iliyokaza mrunda wa katikati. Mbao zikalia. Maji ya saruji yakamdondokea shingoni. Makwaya akaukumbatia ule mrunda uliolegea kwa mikono miwili.

"Dada," alinong'ona, "niuachie?"